Mbegu ya Ngano ya Ema Haitwangwi

Ndugu wakulima wa Kapchorwa, Kween na Bukwo hapa Uganda, wengi mliojaribu ngano ya kale ya ema mnaniletea lalamiko lile lile: mbegu haikuota. Nikiuliza iliandaliwaje, naambiwa ilitiwa kinuni itoke maganda, ikapetwa, ikapandwa ikiwa safi kama mchele. Basi iliuawa kinuni, tusiisingizie mvua.

Kwanza hakikisha kweli unayo ema. Sugua suke kavu kiganjani. Ngano ya mkate huacha punje tupu. Ema hukatika visuke, kila kimoja kikiwa kimefungwa ndani ya kumvi ngumu. Pasua kisuke kwa ukucha: utakuta punje mbili nyembamba zilizobanana, na chini yake kijiti kifupi kilichochongoka. Ukikuta punje moja tu, huenda hiyo ni ainikoni, ngano nyingine ya kale. Na spelta, ngano nyingine yenye kumvi ngumu, iliyotoka Ulaya usiiguse hata ukipewa bure, kwa kuwa nyingi hudai baridi ya miezi ndipo zitoe suke. Hapa kwetu utakuwa umelima majani ya ng'ombe.

Sasa tazama punje ya ema iliyotwangwa. Kiini chake kimekaa kwenye ncha ya chini, na hapo ndipo mchi unapogonga. Ukiinua punje kwenye mwanga utaona ncha imemeguka, pamebaki kishimo kidogo cheupe. Hiyo ni chakula, si mbegu. Hata iliyopasuka kidogo tu huoza kwenye udongo wenye baridi na unyevu kabla haijatoa mzizi. Ema hupandwa na kumvi zake. Ndevu zikishikana na kukusumbua, sugua visuke polepole ndani ya gunia mpaka ndevu zikatike, basi. Kinu kikae jikoni.

Wiki mbili kabla ya kupanda, funga visuke 100 kwenye kitambaa kibichi, uweke ndani ya nyumba, usiache kikauke. Siku ya 7 hesabu vilivyoota. Kisuke kinaweza kutoa miche miwili, hesabu kimoja! Vikifika 85, panda kilo 40 zenye kumvi kwa ekari. Vikiwa 70, panda kilo 48 hadi 49. Chini ya 60, saga upike uji. Kilo hizo ni pamoja na kumvi, ambazo peke yake huchukua karibu robo ya uzito, kwa hiyo usipunguze kwa kisingizio kwamba gunia limejaa.

Mistari iachane sentimita 20, kina kiwe sentimita 4. Pima kwa kijiti chenye alama, si kwa jicho. Wanaorusha mbegu na kuipitishia tawi la mti wanafuga ndege. Ema huchukua miezi minne hivi, na zaidi kule juu kwenye baridi. Ukitaka ikaukie kwenye kiangazi cha Desemba, iwe ardhini kabla Agosti haijaisha.

Ni ndefu, hulala haraka ikishibishwa. Yurea kilo 20 kwa ekari, mara moja tu, wiki ya nne au ya tano, udongo ukiwa na unyevu. Palipokuwa na viazi vilivyotiwa mbolea vizuri, usiweke kabisa.

Kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu wa ngano, mkague kila wiki, maana aina yake kali iitwayo Ug99 iligunduliwa hapa hapa Uganda mwaka 1998. Ni kweli kinga moja ambayo wataalamu wa ngano wanaitegemea hadi leo, jeni iitwayo Sr2, ilitoka kwenye ema, lakini si kila ema inayo.

Miche ikisimama sawasawa kufikia siku ya 10, umefaulu.

Siku ya kupura, chagua masuke yaliyokomaa vizuri, tenga mbegu yako hapo hapo kwenye turubai na kumvi zake, uifunge na kuliandika gunia. Inayobaki ndiyo iende kinuni.