Jani la nyanya likigeuka njano, usikimbilie urea

Ndugu mkulima wa nyanya wa milima ya Usambara, hasa wewe ambaye shamba lako sasa lina shada la pili au la tatu la maua na matunda: kabla hujafungua mfuko wa urea kwa sababu majani ya chini yamegeuka njano, nenda shambani, chuma jani moja, ulinyanyue juani ulitazame.

Kama njano imeenea jani zima, mpaka mishipa nayo imepauka, hapo naitrojeni imepungua kweli na mbolea ya kukuzia itasaidia. Lakini kama mishipa bado ni ya kijani na njano imejaa katikati ya mishipa, jani likawa na madoa kama kitenge, naitrojeni haina kosa. Mmea wako umeishiwa madini ya magneziamu, na urea utakayotupa hapo itazidisha ugonjwa. Kosa hili nimelikuta mashamba mengi mno. Mama mmoja alinionyesha nyanya alizozitia urea mara tatu ndani ya wiki tano. Zilikuwa ndefu na laini, inzi weupe wamejaa chini ya majani, matunda machache, na njano imepanda mpaka shada la nne. Fedha za mifuko ile zingetosha kununua dawa halisi ya tatizo lake na chenji ikabaki.

Naeleza kwa nini, maana nikisema tu "usiweke" mtaweka nikiondoka.

Jani hutengeneza chakula cha mmea kwa usanisinuru. Kazi ya kuikamata hewa ukaa na kuanza kuigeuza sukari inafanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ndani ya mmea, kiitwacho Rubisko. Ni kimeng'enya kizito na cha polepole: kila sehemu yake ya kazi hukamata chembe karibu 3 tu za hewa ukaa kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingine hufanya mamia na maelfu. Kwa sababu ya upole huo mmea hulazimika kutengeneza Rubisko nyingi sana. Kwenye mazao kama nyanya, kabichi, hoho na viazi, inaweza kufika nusu ya protini yote inayoyeyuka ndani ya jani. Protini hujengwa kwa naitrojeni, ndiyo maana urea hukolesha kijani. Mpaka hapo mkulima yuko sahihi.

Sasa sikiliza pale mnapokosea. Rubisko ikishajengwa haifanyi kazi mpaka magneziamu ikae mahali pake ndani yake. Bila hiyo ni mashine ya kusaga isiyo na mkanda: ipo, imelipiwa, haisagi. Na mmea wenyewe hutumia magneziamu kama swichi. Alfajiri mwanga ukigonga jani, magneziamu husukumwa kutoka kwenye vifuko vya ndani vya kloroplasti (vile vichumba vya kijani vya jani) kwenda kwenye majimaji ilimo Rubisko, na pH (kipimo cha tindikali) ya majimaji hayo hupanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, yaani tindikali hupungua. Hapo Rubisko inaamka. Usiku mambo hurudi nyuma na kazi inalala. Swichi hii hupangwa kila siku kwa magneziamu iliyomo kwenye jani, wala hakuna kirutubisho kingine kinachoweza kuishikilia nafasi hiyo vizuri.

Tena magneziamu ndiyo iliyo katikati ya kila chembe ya klorofili, yaani ule ukijani wenyewe. Na ndiyo inayosaidia sukari itoke kwenye jani iende kwenye mizizi na matunda. Ikipungua, sukari hukwama ndani ya jani, mizizi inakaa na njaa, na jani linashindwa kuutumia mwanga linaoupata mpaka mwanga huohuo unaliunguza. Kwa hiyo tazama hata hili: jani lililofunikwa kidogo na jirani yake hubaki kijani sehemu ya kivuli, ila sehemu iliyokaa juani inapauka. Ukiona hivyo, usibishane tena. Na ujue kwamba sukari huanza kukwama kabla njano haijaonekana kwa macho, kwa hiyo siku unayoiona umeshachelewa.

Urea inaongezaje tatizo? Ikiingia ardhini hugeuka amonia, nayo hushindana na magneziamu mlangoni mwa mzizi. Potashi nyingi hufanya vivyo hivyo, na wengi wenu mnairundika wakati wa matunda. Kisha amonia ikigeuka naitreti udongo unazidi kuwa na tindikali, na udongo wetu huku milimani umeoshwa na mvua miaka mingi, tindikali tayari ipo na magneziamu ni haba. Yaani kila mfuko wa ziada unakusogeza mbali na unachokitafuta.

Magneziamu ni kirutubisho kinachohama. Mmea ukikosa, huitoa kwenye majani ya zamani kuyapelekea machanga na matunda. Ndiyo sababu njano huanzia chini, na ndiyo sababu huja shamba likibeba. Njano ikianzia majani machanga ya juu, au majani ya juu yakijikunja na kudumaa, hilo ni jambo lingine, la chuma au la virusi, na ushauri huu hauhusiki.

Sasa vipimo. Hapa naomba msikilize kwa makini, maana wengi mnaharibu hapa.

Nunua magneziamu salfeti, duka la pembejeo wengi huiita chumvi ya Epsom. Kiasi ni gramu 20 kwa kila lita ya maji. Pampu ya lita 16 inachukua gramu 320, ya lita 20 gramu 400. Pima kwa mizani ya jikoni. Sitaki kusikia habari za kisoda wala konzi ya mkono! Konzi ya baba na konzi ya mtoto hazilingani, na ukizidisha, chumvi huunguza kingo za majani halafu unakuja kuniambia dawa ni mbaya. Miche iliyopandikizwa chini ya wiki tatu ipewe nusu, gramu 10 kwa lita. Ekari ya nyanya iliyofikia shada la tatu hunywa karibu lita 200, kwa hiyo andaa kilo 4 kwa mzunguko mmoja.

Yeyusha kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo, koroga mpaka maji yawe maangavu, chuja, kisha ujaze pampu. Usichanganye na kalisiamu naitreti kwenye pampu moja. Vikikutana kalisiamu na salfeti huganda kuwa jasi, chembe nyeupe zinaziba pua ya pampu na mmea haupati chochote. Kama unahitaji vyote viwili, achanisha kwa siku tatu au nne.

Pulizia kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, au jioni baada ya saa 11. Saa 6 mchana maji hukauka kabla jani halijanywa na chumvi inabaki juu ikichoma. Lowesha pande zote mbili za jani, hasa upande wa chini. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache, hesabu hukupulizia. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, jumla mara tatu. Mara moja haitoshi, na mkulima anayepulizia mara moja kisha akaacha ametupa kilo zake.

Kama una shaka, pulizia mistari miwili tu na uiache ya jirani. Ikifanya kazi, njano itaacha kupanda. Majani yaliyokwisha kupauka usiyangoje.

Kupulizia ni huduma ya kwanza. Tiba iko ardhini, nayo ni chokaa ya dolomaiti, maana ina kalisiamu na magneziamu pamoja, tofauti na chokaa ya kawaida. Usinunue kwa kukisia. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba kwa kukata zigizagi, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, punguza mpaka nusu kilo, upeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano pale Muheza au maabara ya udongo ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro. Waombe wapime pH, magneziamu na potasiamu, na wakuambie kiasi cha chokaa kwa ekari. Dolomaiti huyeyuka taratibu. Inataka miezi miwili hadi mitatu na udongo wenye unyevu. Anayepanda masika mwezi wa 3 achukue sampuli mwezi wa 11, na chokaa iwe imefukiwa kabla ya mwezi wa 12 kwisha.