Keki ya daladala kwenye jiko la mkaa

Mwanangu alipokaribia miaka 5 alinionya mapema: hataki keki ya maua, anataka daladala. Oveni sina. Nina jiko la mkaa, sufuria mbili na mwiko.

Anza na sukari. Hii yetu ya dukani ina chembe kubwa, isage kidogo kwenye blenda, gramu 200. Ipige na siagi ya kopo gramu 250 mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Mkono utauma, tafuta wa kupokezana naye. Mayai 4 yavunjie kwenye kikombe moja moja kabla ya kuyatia. Yai viza likishaingia, umetupa vyote. Malizia na unga wa ngano gramu 250 uliochekechwa na vijiko 2 vya chai vya beking pauda, na ganda la limau lililokunwa.

Kazi ni moto. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika, iache ipate joto. Sufuria ya keki, yangu ina upana wa sentimita 24, ipake mafuta, tandika karatasi, mimina, uiketishe juu ya mchanga. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mwaka jana nilifanya kinyume: chini keki ikawa mkaa wa pili, juu bado uji. Usifunue kabla ya dakika 35. Kisha ichome kwa chelewa safi (ya ufagio ambao haujagusa sakafu, tafadhali). Ikitoka kavu, ipua.

Ilale usiku mzima. Ukiipaka ikiwa na joto, krimu yote itateremka mezani.

Asubuhi kata kingo nne za mviringo ubaki na mraba wa kama sentimita 17. Ugawe katikati, pandisha nusu moja juu ya nyingine kwa jemu: bodi la basi hilo. Zile kingo ni mshahara wa fundi.

Krimu ni siagi ya kopo gramu 125 na sukari ya aisingi gramu 250. Joto la Dar halina huruma, kwa hiyo usiongeze maziwa. Paka nyeupe, zungushia mstari wa rangi ya ruti ya kwenu. Matairi ni biskuti za duara, madirisha ni biskuti za mstatili. Kuandikia, kunja karatasi ya kuokea iwe kama koni ya karanga, kata ncha kidogo sana.

Maandishi mwachie mtoto. Mimi nilitaka kuweka jina lake tu, yeye akataka kibao cha mbele kisome JIKONI – SEBULENI. Namba niliipaka manjano, akanigombeza: "Mama, hiyo ya gari la mtu! Daladala ina namba nyeupe." Nikakwangua, nikaandika upya: T 005, na herufi tatu za mwanzo za jina lake. Nyuma alitaka maneno kama wanayoandika wenyewe, akachagua "Bibi Kasema".

Wakati wa kukata anzia nyuma, kibao kibaki kwa ajili ya picha. Wa kwangu alisimama mlangoni anadai nauli kwanza, na shangazi yake alipotoa noti ya elfu kumi, akaambiwa konda hana chenji.