SOMO: Kumgeuza roboti kuwa Tyrannosaurus bila kuvunja hata pini moja

Wakuu, habari zenu. Nimeona wengi wanauliza kuhusu roboti za kuchezea zinazogeuka dinosau, hasa zile za mtindo wa Grimlock, yule wa Transformers anayegeuka Tyrannosaurus, na karibu kila swali linaishia palepale: "nimekwama katikati, nikilazimisha nitavunja?" Ndiyo, utavunja. Roboti hizi hazihitaji nguvu ya mkono. Kipande kikikataa kwenda, ujue kuna kipande kingine kabla yake ambacho hakijakaa mahali pake. Ukilishika hilo, hata ukipoteza karatasi ya maelekezo utafika.

Historia kidogo kwanza, kwa sababu inaeleza kwa nini mwili umeundwa hivi ulivyo. Transformers, safu ya roboti za kuchezea zinazobadilika umbo, ilianza kuuzwa na Hasbro ya Marekani mwaka 1984, na kundi la Dinobots, yaani roboti dinosau, likafuata mwaka 1985. Miili ya Dinobots hao haikubuniwa Marekani. Ilitoka kwa Takara ya Japani, kwenye safu ya Diaclone, ambako roboti ilikuwa chombo kinachoendeshwa na mtu mdogo wa plastiki aliyekaa ndani. Kundi la mwanzo lilikuwa la watano: Grimlock ni Tyrannosaurus, Slag ni Triceratops, Sludge ni yule mwenye shingo ndefu, Snarl ni Stegosaurus, na Swoop ni Pteranodon. Mpango wa mwili wa Grimlock wa wakati ule umerudiwa mara nyingi, kuanzia lile toleo kubwa la Masterpiece la 2009 hadi la Studio Series la 2021. Kwa hiyo ukiuelewa mmoja, wengine hawatakusumbua sana.

Naanzia umbo la roboti kwenda dinosau.

Hatua ya 1: Soma mwili kabla ya kugusa chochote

Tandika kitambaa laini mezani. Vua upanga, bunduki na chochote kinachochomolewa. Kisha mgeuze taratibu mkononi, utafute sehemu za dinosau zilikojificha. Kwenye mpango huu ramani ni hii: miguu ya roboti itakuwa mkia, mikono ya roboti itakuwa miguu ya dinosau, na kichwa cha dinosau kimelala mgongoni. Vile vibao viwili vinavyosimama nyuma ya mabega kama mabawa ni kifua na shingo.

Usiruke hatua hii. Mtu anayejua kwamba mkono utakuwa mguu hashangai anapoukuta mkono mnene kuliko inavyofaa, na hahangaiki kutafuta miguu ya dinosau mahali isipokuwepo.

Hatua ya 2: Jaribu viungo kimoja kimoja

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Bawaba huenda mbele na nyuma tu. Kiungo cha tufe huzunguka kila upande, na kikizidiwa huchomoka. Hilo si kuvunjika, unakirudisha kwa kukisukuma wima. Cha tatu ni kiungo cha meno, kinacholia "tak, tak" ukikisogeza. Hiki ndicho kinachowatisha watu, wanadhani kitu kinakatika. Mlio huo ni wa kawaida: meno yanarukana ili kiungo kibebe uzito bila kuteleza.

Mlio unaopaswa kukusimamisha ni mmoja mkavu unaofuatwa na weupe kwenye plastiki. Weupe ule ni dalili kwamba plastiki imeelemewa na iko karibu kupasuka. Rudi nyuma papo hapo.

Kama chumba ni cha baridi sana, mpe muda apate joto la kawaida. Plastiki baridi huvunjika haraka zaidi.

Hatua ya 3: Miguu iwe mkia

Nyosha magoti kabisa. Kunja au laza nyayo kulingana na toleo lako, kisha leta miguu pamoja. Upande wa ndani wa mguu mmoja utaona ulimi mdogo, na kwenye mwingine tundu lake. Vikutane sawasawa, ubonyeze kuanzia juu kwenye paja ukishuka hadi chini. Ukianzia chini, mapaja yatabaki na mwanya na utahangaika nao hadi mwisho.

Baadhi ya matoleo yana kiuno kinachozunguka. Kizungushe kabla hujaunganisha miguu.

Hatua ya 4: Kichwa na kifua

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Fungua vibao vya mgongoni kuelekea nje kwanza, vipishe njia. Kisha inua kichwa cha dinosau kutoka mgongoni, ukipitishe juu ya kichwa cha roboti. Kwenye matoleo mengine kichwa cha roboti kinashuka ndani ya kifua, na kwenye mengine kinabaki palepale kikafunikwa. Angalia kwanza chako ni kipi: uso ukiwa umeelekea pembeni, pua au kingo za kofia zitakwaruzana na kuta za shingo, na rangi itatoka. Uso uelekee mbele kabisa.

Kichwa cha dinosau kikishakaa, rudisha vibao vifunge shingo na kifua. Vikono vidogo vya dinosau navyo viweke huru kabla ya kufunga. Vikibanwa ndani, kibao hakitafunga, nawe utadhani tatizo ni kibao.

Kama hakifungi, usibonyeze. Fungua chote, tazama mambo matatu: uso wa roboti, vikono, na shingo kama imefika mwisho wa bawaba yake.

Hatua ya 5: Mikono iwe miguu

Ficha ngumi, toa nyayo zenye kucha, kunja kiwiko kiwe goti. Hii ni rahisi, sina la kuongeza.

Hatua ya 6: Kumsimamisha

Matoleo ya zamani husimama wima, mkia ukigusa chini. Hivyo ndivyo Tyrannosaurus alivyochorwa kwa miaka mingi. Wataalamu wa visukuku walishabadili picha hiyo: mnyama halisi alibeba mwili karibu mlalo, mkia ukiwa hewani kusawazisha uzito wa kichwa kile kikubwa. Baadhi ya matoleo mapya yanafuata mkao huo, na ndiyo maana nyonga zake zinahitaji meno imara.

Kanuni ni ileile kwa mdoli na kwa mnyama: uzito wa mbele na wa nyuma ukutane juu ya nyayo. Akianguka kifudifudi, sogeza nyayo mbele kidogo au inua kifua. Akianguka chali, fanya kinyume. Mimi nampenda yule wa mkia chini. Si sahihi kisayansi, lakini ana uzito wa kifalme ambao wa mlalo hana, na hahitaji kubembelezwa ili asimame.

Kumrudisha kuwa roboti ni njia hiyohiyo kinyumenyume: miguu, kifua, kichwa, mkia. Usianze na mkia wakati kifua bado kimefungwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo mkuu. Wa kwangu mkia una mwanya katikati hata nikibonyeza vipi. Nikate ule ulimi kidogo?

Jibu: Usikate, tafadhali. Ukishakata hakuna kurudi. Tazama magoti yote mawili kama yamefika mwisho. Goti lililobaki limepinda kidogo tu linatosha kuleta mwanya. Kisha angalia mapaja yametazama upande mmoja. Kama yote yako sawa na bado, chunguza ndani ya tundu: mara nyingine kuna rangi nene au kipele cha plastiki kutoka kiwandani. Hicho unakikwangua kwa kijiti cha meno, si kisu.

Swali: Fundi, kiungo cha tufe cha shingo kimelegea, kichwa kinainama chenyewe. Dawa yake?

Jibu: Chomoa tufe taratibu, lifute, lipake tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi. Liache likauke kabisa, usiku mzima ni bora, ndipo ulirudishe. Ukirudisha likiwa bichi litagandia ndani. Kwa kiungo chenye tatizo la kinyume, kinachokaza kupita kiasi, tumia tone la grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya mashine. Mengine yanadhoofisha plastiki.

Swali: Mwanangu ana miaka minne na anamtaka sana. Huyu atamfaa?

Jibu: Wa hatua nyingi hivi atamchosha, na utaishia kumgeuzia wewe kila mara. Kuna safu ya Rescue Bots, iliyotengenezwa kwa watoto kuanzia miaka mitatu, na ndani yake wamo dinosau wanaogeuka kwa hatua chache tu. Kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, silaha ndogo na vipande vinavyochomoka viweke mbali kabisa, vinaweza kumkaba koo. Na huyo wa miaka minne mwache ageuze mwenyewe, hata akichelewa. Furaha yote ya mdoli huu iko pale kipande cha mwisho kinapoingia kwa mkono wake.

Swali: Mkuu, Swoop ni dinosau wa aina gani?

Jibu: Si dinosau. Pteranodon ni wa kundi la pterosau, watambaazi waliokuwa wakiruka. Waliishi zama za dinosau na ni ndugu zao, ila ni tawi jingine. Kwenye kumgeuza, kuwa mwangalifu na mdomo na ncha za mabawa kwenye matoleo ya zamani, ni vyembamba mno.

Swali: Nimepata mmoja wa zamani, ana sehemu za plastiki ya dhahabu inayometameta. Nimgeuze kama kawaida?

Jibu: Subiri kwanza. Tofautisha dhahabu mbili. Ile inayong'aa kama kioo ni upako juu ya plastiki ya kawaida. Huchubuka ukiisugua, lakini kipande chenyewe ni imara. Ya pili ina mawimbi ya kumetameta yaliyochanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Baadhi ya plastiki hiyo, hasa ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, huoza kwa ndani na kusagika hata kama mdoli hakuwahi kutolewa kwenye boksi. Ukikuta ni hiyo, na iko kwenye kiungo au imezunguka pini, usimgeuze. Mwonyeshe katika umbo alilonalo.

Swali: Nikimweka kabatini kwa muda mrefu, abaki roboti au dinosau?

Jibu: Umbo lolote ambalo springi zake hazijabanwa na hakuna kibao kilichopinda. Kwa wengi wa mpango huu ni dinosau wa mkia chini, maana anasimama kwa pointi tatu. Mtoe betri kama anatoa sauti au mwanga, zikivuja zinakula vyuma vya ndani. Na muweke mbali na jua la dirishani. Plastiki nyeupe na ya kijivu hugeuka njano, na stika za zamani huanza kubanduka pembeni.