Ukiingia maktaba kubwa, anza na madirisha

Mimi ni mkutubi, Dar es Salaam, na watu wakilijua hilo huniuliza wakienda safari waangalie nini kwenye zile maktaba maarufu zinazopigwa picha kila siku. Jibu langu huwa moja: fuata mwanga. Msomaji anautaka, kitabu kinaumia nao. Jua hugeuza karatasi kuwa ya manjano na kuifanya ikatike ukiikunja, na hula rangi ya jalada. Msanifu yeyote anayechora maktaba lazima awapatanishe hawa wawili. Ukigundua amewapatanisha vipi, jengo umelielewa.

Kwa hiyo anza nje, na tafuta kwanza kaskazini iko wapi. Simu yako ina dira. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bibliotheca Alexandrina ya Misri, iliyofunguliwa mwaka 2002, kazi ya kampuni ya usanifu ya Snøhetta kutoka Norway. Paa lake ni duara lenye kipenyo cha mita 160, limelalia upande wa bahari kama ungo ulioinamishwa. Wageni wengi huzunguka kwenye ukuta wa graniti ya Aswan, wakagusa zile herufi zilizochongwa kutoka mifumo 120 ya maandishi ya dunia, wakapiga picha, wakaondoka. Ziguse na wewe, ni kazi nzuri kweli. Lakini usiondoke kabla hujatazama madirisha ya paa. Yanaangalia kaskazini. Aleksandria iko mbali na ikweta, adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini linapokea weupe wa anga bila miale kupiga ndani. Chini ya paa hilo kuna chumba cha kusomea cha watu wapatao 2,000, kinachoshuka ngazi kwa ngazi. Meza zimewekwa ukingoni penye mwanga. Shelfu zimerudi nyuma, kwenye kivuli cha ngazi ya juu yake. Msomaji amepewa chake na kitabu chake, chini ya paa moja.

Hila hiyo haihamishiki kuja kwetu, na hapa nawaomba wanaojenga shule na vyuo wanisikilize. Dar es Salaam, jua la mchana hupita kusini mwa utosi kuanzia kama katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, kisha miezi iliyobaki hupita kaskazini. Hakuna upande ulio salama mwaka mzima. Kinachotusaidia ni paa lililotoka nje, varanda pana, na mabamba ya zege ya kuzuia jua mbele ya madirisha. Ukuta mtupu wa kioo huvutia siku ya uzinduzi. Rudi baada ya miaka michache, saa tisa alasiri, uangalie upande wa magharibi: utakuta wasomaji wamehamisha viti na magazeti yamebandikwa kwenye kioo.

Halafu mlango. Simama chini ya ngazi ujiulize ulijengwa kumkaribisha nani. Maktaba ya McMillan pale Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa 1931 ikiwa na safu ya nguzo kubwa na simba wa mawe wakilinda ngazi. Ni jengo zuri, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Yale mawe yanasema mambo yote mawili kwa pamoja, na ukiyatazama nusu utakuwa hujayatazama. Paris kuna maktaba ya Sainte-Geneviève, ya msanifu Henri Labrouste, iliyofunguliwa 1851. Kwa nje amechonga majina 810 ya waandishi ukutani, unayasoma ukiwa bado barabarani. Ndani, paa linabebwa na nguzo nyembamba za chuma katikati ya ukumbi, na aliingiza taa za gesi ili wanafunzi wasome hadi usiku. Enzi hizo maktaba zilifungwa giza likiingia kwa kuogopa moto wa mishumaa.

Ukishaingia, fanya kipimo hiki, ninachokifanya kila mahali. Tafuta shelfu iliyo karibu na dirisha, na kama sehemu hiyo ni ya wazi kwa wasomaji, toa kitabu kimoja chenye jalada la nguo, jekundu au buluu. Usikivute kwa juu ya mgongo, patapasuka. Sukuma ndani kidogo vya kulia na kushoto, kisha ukishike katikati. Sasa linganisha mgongo na ubavu. Ubavu uliokuwa umebanwa na jirani zake bado ni mwekundu wa siku ya kwanza. Mgongo ukiwa umechuja hadi pinki iliyopauka, ujue dirisha lile limekuwa likila vitabu miaka yote, hata kama kitabu cha wageni kimejaa sifa.

Wapo waliokata shauri la kutotia madirisha kwenye kuta zinazozunguka vitabu. Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ya mwaka 1963, ina kuta za mabamba ya marumaru ya unene wa kama sentimita 3. Nje ni jiwe la kijivu, halina la kusema. Ndani jua linapenya humo likiwa la rangi ya asali, limepungua nguvu, na vitabu vya kale vimesimama katikati kwenye mnara wa kioo. Gordon Bunshaft, aliyeichora, aligeuza jiwe kuwa pazia.

Ureno, pale Coimbra, maktaba ya Joanina iliyojengwa 1717 hadi 1728 ina kuta nene zaidi ya mita 2, kwa hiyo joto na unyevu havipandi wala kushuka ghafla. Na ina popo. Wanakaa humo, usiku wanatoka kula wadudu wanaotafuna karatasi. Jioni wahudumu hufunika meza za kale kwa ngozi, asubuhi wanasafisha kinyesi. Sisi tunaohangaika na mchwa na ukungu kila masika tunauelewa utaratibu huo bila kuelezwa.

Mwisho, inua macho uangalie shelfu za juu, ujiulize mkono wa nani unafika. Tianjin Binhai, China, iliyofunguliwa 2017, imesifiwa dunia nzima kwa ukumbi wake mweupe wenye shelfu zinazopanda kama mawimbi. Za juu hazina vitabu: ni picha za migongo ya vitabu zilizochapwa kwenye mabati ya alumini, maana njia ya kuzifikia kwa nyuma iliachwa ujenzi ulipoharakishwa. Kampuni ya MVRDV iliyochora jengo haikukubaliana na uamuzi huo. Picha zake zinanivutia na kuniumiza.

Kabla ya kwenda, hakikisha kama unahitaji kadi ya siku au tiketi. Begi utaliacha mlangoni. Zima flashi, na beba penseli, kwa kuwa vyumba vya nyaraka adimu havipokei kalamu ya wino. Mkutubi akiwa na nafasi, mwombe akuonyeshe stoo ya vitabu, na umuulize maji ya mvua huingilia wapi. Hilo analijua.