Sungura anayepona: kagua kinyesi kila asubuhi

Sungura aliyeugua ghafla, akatibiwa na daktari wa mifugo na kurudishwa nyumbani, bado hajapona. Wiki moja inayofuata ndiyo ya hatari, na wengine hufa wakati mwenye sungura ameshaanza kushukuru. Mara nyingi kinachowaua si ugonjwa wenyewe, ni tumbo kusimama. Utumbo wa sungura unataka majani mchana na usiku. Asipokula kwa muda wa saa 12 tu, mwendo wa utumbo hupungua, gesi hujaa, maumivu huanza, naye kwa maumivu hayo huzidi kugoma kula. Tena sungura hawezi kutapika: kilichoingia lazima kipite chote hadi mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza amemeza dawa au la, angalia kinyesi. Punje za sungura mzima ni za duara, kavu, ukubwa wa dengu, na ukizivunja unaona nyuzi za majani ndani. Anapoanza kupata nafuu, za kwanza huwa ndogo na ngumu, nyingine zimeshikana kwa manyoya. Usiogope, hiyo ni dalili njema. Ila ikipita saa 12 hujaona hata punje moja, au tumbo limekaza kama ngoma, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na wakati huo usimlishe kitu kwa nguvu. Ukiona kishada cha kinyesi laini chenye kung'aa, hicho si kuhara. Sungura hukitoa na kukila mwenyewe, na humo anapata vitamini na protini. Kikibaki sakafuni kila siku, chakula kimezidi unga na sukari, au mgongo unamuuma hawezi kujikunja.

Kabla ya kumlisha shika masikio yake. Yakiwa ya baridi na yeye amelegea, mpashe joto kwanza, kwa sababu utumbo wa mwili uliopoa haufanyi kazi. Jaza chupa ya nusu lita maji ya moto, izungushie taulo, ilaze ubavuni mwake, na umwachie nafasi ya kuihama akitaka. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, chini ya 38 ni dharura. Kibosho, Machame na Marangu, huko juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwezi Juni na Julai usimwache bandani nje usiku. Mwingize ndani, lakini si jikoni kwenye kuni, maana moshi unamharibu mapafu. Moshi mjini na kushuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC shida ni kinyume: Januari na Februari joto likipita nyuzi 30 anazidiwa, hivyo mtafutie kivuli chenye upepo na vigae vilivyolowanishwa maji.

Asipokula mwenyewe, mlishe kwa bomba la sindano lisilo na ncha, la mililita 5 au 10. Loweka sehemu moja ya chakula cha punje cha sungura kwenye sehemu tatu za maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, ponda, kisha chuja hadi uji upite kwenye bomba bila kukwama. Mfunge kwa taulo, miguu ya nyuma ikiwa imeshikiliwa vizuri, kwani akirusha teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo. Akae kifudifudi kama alivyo siku zote. Akilazwa chali, uji huingia kwenye mapafu. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo upande wa shavu. Ingiza bomba hapo na umpe mililita moja, subiri atafune na kumeza, ndipo uongeze. Kiasi ni mililita 10 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, milo mitano kwa siku. Sungura wa kilo 2 basi anapata mililita 20 kila mara. Siku ya kwanza anza na nusu ya hapo. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na maji viwepo mbele yake muda wote, na maji yawe kwenye bakuli zito pia, kwa sababu mgonjwa huchoka kunyonya chupa.

Hei ndiyo tiba ya kweli ya utumbo, na ndiyo inayosaga meno ambayo hayaachi kukua. Majani ya tembo machanga yanafaa, na nyasi za shambani pia. Wakati wa masika usimpe majani mabichi yenye maji, wala yaliyolundikwa yakapata joto, maana yanachacha tumboni. Yatandaze chini ya paa, yageuze kila siku, na yenye harufu ya ukungu yatupe. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, usikate nyasi chini ya kahawa iliyopuliziwa dawa. Majani ya parachichi ni sumu kwake, na mtoto anaweza kumchumia bila kujua, kwa hiyo mwambie mapema. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo nayo hayafai. Kishonanguo kidogo humfungulia hamu ya kula. Kabichi, pumba, mkate na ndizi mbivu viache kabisa mpaka kinyesi kiwe cha kawaida kwa wiki nzima, kisha rudisha chakula cha punje polepole kwa siku 7 hadi 10.

Usimnyweshe dawa iliyobaki ya mtoto au ya kuku. Amoksilini, ampisilini na penisilini kwa mdomo huua bakteria wema wa utumbo, na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili nayo inaua sungura. Aliyotoa daktari maliza dozi.

Kama ugonjwa ulikuwa koksidia, yaani vimelea vya utumbo, fagia kinyesi kila siku, kwa sababu mayai ya vimelea huhitaji siku moja au zaidi kwenye unyevu kabla ya kuambukiza. Dawa nyingi za kusafishia haziyaui. Mwagia sakafu maji yanayochemka, ikauke kabisa, ndipo umrudishe.

Mpime kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi kabla ya kula, uandike. Akiwa amepungua gramu 200 kwa kila kilo 2, mpigie daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Na kama ana mwenzake na ugonjwa hauambukizi, waweke pande mbili za wavu mmoja wanusane. Waliotenganishwa muda mrefu hupigana wanapokutanishwa tena.