Kupanga gurudumu na pedali zibadilishe sauti ya kinanda

Wengi tunapiga vayolini za kinanda noti inatoka vilevile mwanzo mpaka mwisho, wakati gurudumu la modulesheni (lile la kubadilisha sauti huku unapiga) lipo pale kushoto na halijapewa kazi ya maana. Ingia sehemu ya kuhariri sauti, tafuta menyu ya kontrola, chagua chanzo (gurudumu, nobu ya kuzungusha au pedali), halafu chagua kitakachoguswa, mfano filta (inayopunguza au kuongeza ung'avu wa sauti) au vaibreto (kutetemeka kwa noti), mwisho weka kiasi. Kiasi anza kidogo, vaibreto ikizidi vayolini zinalia kama king'ora.

Mi napenda sana filta. Shika kodi (chord, noti kadhaa kwa pamoja) ya Am, yaani A maina, filta ikiwa imefungwa, sukuma gurudumu taratibu, utasikia sauti inatoka nzito kama imefunikwa blanketi mpaka inang'aa kabisa, raha yake huwezi kuielezea.

Ukitumia MIDI (lugha ya vyombo vya elektroniki kuwasiliana), kontrola namba 1 ni modulesheni, 7 volyumu, 11 ekspresheni (kupandisha na kushusha sauti huku unapiga), 74 mara nyingi filta, zote zinatembea 0 mpaka 127. Pedali ipe 11 sio 7, maana 7 ndo imeshika mizani uliyopanga kati ya vyombo, ukiikanyaga unaivuruga yote. Alafu sevu kabla hujahamia sauti nyingine.