Ute kwenye tangi la matumbawe: ujue kwanza ni upi ndo uutoe

Ukiona kitu cha utelezi kimetanda kwenye mchanga au juu ya mawe ya tangi lako la maji chumvi, usikimbilie kubadilisha maji wala kumwaga dawa. Najua mkono unawasha, ila kuna aina tatu hivi za huo ute ambazo kwa macho zinafanana na shida ni kwamba tiba ya mmoja ndo chakula cha mwenzake, unamfukuza huyu unamkaribisha yule.

Wa kwanza ni diatomu, mwani mdogo sana wa seli moja, na huyu wala asikunyime usingizi. Ni vumbi la kahawia kwenye mchanga na vioo, tangi likiwa jipya ndo kawaida yake, anajenga magamba yake kwa silika iliyopo kwenye maji na ikiisha na yeye anaisha. Ukipitisha kidole anafutika kirahisi, hana nyuzi wala kamasi. Pangusa vioo, ongeza konokono, na hakikisha maji unayoongezea yamechujwa mpaka kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka kwenye maji) kinasoma 0, basi.

Wa pili ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, watu wanamwita sayano tu. Rangi yake mara nyingi ni nyekundu iliyokolea au zambarau, ila anaweza kuwa kijani au hata karibu na nyeusi kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake. Kinachomtambulisha ni kwamba anatanda kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, ukiupulizia maji kidogo unabanduka kipande kizima, na ukiutoa nje ukaunusa utajuta.

Wa tatu ndo balaa lenyewe, dinoflajeleti, vijidudu vya seli moja vinavyoogelea, kwa kifupi dino. Kamasi ya kahawia, nyuzi nyuzi, na kwenye ncha za zile nyuzi kuna viputo vya hewa. Jioni taa zikiwa zimewaka muda mrefu imejaa kila mahali, asubuhi kabla ya taa unakuta imepungua sana unajidanganya imeisha, mchana hiyo hapo tena. Sayano naye ana katabia kama hako ndo maana watu wanachanganya, lakini angalia konokono: kama wamelala chali, hawapandi kioo, wanakufa mmoja mmoja, hapo mshuku dino kwanza.

Kama bado huna uhakika fanya hivi. Nyonya ute kidogo pamoja na maji ya tangi, weka kwenye chupa, tikisa kwa nguvu mpaka usambaratike wote, halafu chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yale maji yaliyopita yaweke kwenye glasi chini ya taa kama saa moja. Yakianza kujikusanya tena nyuzi au mabonge, hao ni dino, wanaogelea wenyewe wanatafutana. Sayano nyingi inabaki kwenye karatasi na maji yanakaa masafi. Ila kama unaweza kupata hadubini, hata ya bei rahisi ya wanafunzi inayokuza mara 400, ipate aisee, sayano utaona nyuzi ndefu zilizonyooka, dino utaona vipunje vinatembea.

Kabla hujatia mkono: usinyonye mpira kwa mdomo kuanzisha maji, vaa glavu, na maji yasikurukie machoni. Baadhi ya dino wana sumu ya jamii ya palitoksini, na matumbawe aina ya palithoa pia wanayo, sio ya kuchezea kabisa.

Sayano sasa. Tumia mrija mwembamba kama ule wa pampu ya hewa, fyonza ule utando taratibu wakati unabadilisha maji, usiusugue ukatawanyika. Halafu tafuta sababu, na mara nyingi ni maji hayatembei sehemu ile, kwa hiyo geuza pampu ielekee pale, safisha uchafu uliojificha kwenye mchanga na nyuma ya mawe, punguza chakula kama unalisha hovyo. Wengi wanachokosea ni kupambana na naitreti (mbolea inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) peke yake mpaka ifike 0, wakati baadhi ya sayano wanaweza kutumia naitrojeni iliyoyeyuka tu kwenye maji, so ukiondoa naitreti huku fosfeti, mbolea nyingine kama hiyo, ipo unakuwa umewaua washindani wake, yeye anabaki anakula raha. Kuzima taa siku 3 kunasaidia, matumbawe yanavumilia. Dawa za antibiotiki kama erithromaisini zinaua sayano kweli maana ni bakteria, ila mimi naziweka mwisho kabisa, na ukizitumia toa kaboni kwenye filta, weka jiwe la hewa maana oksijeni inashuka, fuata kipimo cha kwenye pakiti, ukimaliza badilisha maji.

Ukimwekea dino hiyo antibiotiki ni kama hujafanya kitu. Huyu mara nyingi anakuja kwenye tangi safi kupita kiasi, naitreti 0 fosfeti 0, mwani wa kawaida umekufa njaa na yeye anajitwalia uwanja. Kwa hiyo unafanya kinyume na kila ulichofundishwa: acha kubadilisha maji kwa muda, ondoa dawa ya kunyonya fosfeti, acha kuweka vodka au siki kama ulikuwa unazitumia kulisha bakteria wanaokula naitreti na fosfeti, lisha samaki zaidi, na ikibidi ongeza naitreti na fosfeti za chupa mpaka naitreti ifike miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti iwe kama 0.1, pima kila siku maana mwanzoni vinaliwa fasta.

Hapo ndo hadubini inalipa. Kama umeona vyenye umbo la tone vinazunguka vimejishika sehemu moja, ni Ostreopsis, hawa usiku wanapanda kuogelea kwenye maji, kwa hiyo taa ya UV (ya kuua vijidudu majini) inayovuta maji moja kwa moja kutoka kwenye tangi (sio kwenye sampu, lile tangi la pembeni la vifaa) inawapiga vizuri, ukichanganya na kuzima taa za tangi siku 3 unaona mabadiliko. Wakiwa bapa, umbo la yai, wanateleza taratibu, ni Amphidinium, hawa wanakaa ndani ya mchanga na UV haiwagusi. Dawa yao ni kumrudisha yule diatomu wa mwanzo awanyang'anye nafasi, unaweka silikati (silika ya kumlisha diatomu) kidogo kidogo ifike miligramu 1 hadi 2 kwa lita na unazima skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, masaa machache baada ya kuweka. Mchanga ukianza kuwa na vumbi la kahawia lisilo na kamasi unaenda vizuri, usiusafishe, endelea wiki kadhaa ndo upunguze silikati polepole, na kubadilisha maji urudishe kwa kiasi kidogo huku unachungulia fosfeti isije ikagusa 0 tena.